Mfuniko

Lilianza bafuni, kwa sauti tu,
glo, glo, kama mtu anasukutua,
kisha maji ya kuogea yakagoma kushuka,
yakasimama vifundoni mwa Hadia wangu
akaita: Mama, nyumba imeshiba.

Tukamwaga ndoo. Tukamwaga magadi.
Fundi Mnali akaja na waya, akasukuma, akasikiliza:
bomba zima, shimo ndilo limejaa.
Mara ya mwisho mlinyonya lini?

Lini. Nikahesabu kwa misimu ya korosho,
maana hapa Chuno ndiyo kalenda tunayoiamini.
Baba alijenga miaka ile ya gesi
kila mwenye kiwanja alipoota wapangaji:
vyumba vinne uani, kila kimoja na choo chake,
na wapangaji wa kuja kesho, wa kuja kesho kutwa,
hadi vyumba vikajaa kuku na saruji iliyoganda mifukoni.
Hatujawahi kunyonya. Hata mara moja.

Gari likaja Jumanne.
Dereva, Chipatu, kijana wa Newala,
buti za mvua na mvua hakuna,
akauliza swali moja:
Mfuniko uko wapi?

Nikamkumbuka baba na kumlaumu kwa pumzi moja.
Karatasi zote alikuwa nazo: ya kiwanja, ya mabati,
risiti ya kitasa cha mlango ulioliwa na mchwa.
Ya shimo, hakuna.
Mwaka dada Somoe alipochezwa
alisakafia ua mzima, wageni wasicheze vumbini;
mfuniko ukaenda chini ya sakafu,
naye baadaye akaenda chini ya mchanga,
ila yeye kaburi lake tunalijua.

Tukatoa mchi.
Shangazi Nandule akagonga ua, hatua kwa hatua,
ndu, ndu, udongo, ndu, udongo,
watoto nyuma yake wakidhani ni mchezo,
mpaka ukutani kwa Bi Arafa
sakafu ikaitika kwa sauti nyingine.

Ukuta huo.
Miaka sita hatusalimiani juu ya ukuta huo:
hatua moja na nusu ya ardhi, mpapai uliokatwa usiku,
mjumbe, barua, maneno yasiyorudi mdomoni.
Bi Arafa alisikia mchi, akachungulia,
saa nne asubuhi, tunatwanga nini?

Nyundo, tindo, nusu saa ya kukohoa.
Harufu ilipotoka ilivuka ukuta bila hodi.
Chipatu akamulika tochi. Akanyamaza.
Mama, humu yanaingia mabomba mawili.

Moja letu.
La pili linatokea kwa Bi Arafa.

Nikainua uso. Naye alikuwa ananitazama.
Alijua. Mume wake marehemu na baba yangu
walichimba pamoja, saruji wakachangia,
kabla ya mpapai, kabla ya mjumbe.
Huku juu tumepima hatua miaka sita;
huko chini, kila alfajiri, tunachanganyika
na hakuna aliyemwita shahidi.

Mpira ukatetemeka, ukanywa.
Tripu mbili, alisema Chipatu, na nusu nyingine kesho,
shimo la mawe ukilikausha ghafla kuta zinakaa chini.
Mafuta ya kukaangia msimwage, pedi msitupe,
na masika yakija msitapishe kama wale wa bondeni,
yataishia kisimani kwa mtu.
Na mfuniko uonekane, hata mkiwa na ngoma.

Haya. Analipa nani?

Bi Arafa alikwishaingia ndani.
Nikafungua mkoba, maneno nimeshayapanga, makali.
Akatokea mlango wetu wa mbele:
kazunguka barabara nzima, kavaa kanga za kutokea,
pesa kaifunga pembeni mwa kanga.
Akafungua fundo. Akahesabu mbele ya dereva. Nusu.
Kisha akainama kidogo juu ya lile giza:

La kwenu ndilo linalovuja, pale kwenye kiungo.
Mwambie Mnali.

Ndiyo ilikuwa salamu.
Nikaipokea ilivyo,
nikamwambia Mnali.